Mtoto hawezi kumzidi mama umri: Maabara ya chini ya mlima inavyozipima nyota

KATIKATI ya Italia, mwendo wa takriban kilomita 120 kutoka jiji la Roma, magari hupita ndani ya handaki refu lililotobolewa katika tumbo la milima ya Gran Sasso. Huenda wengi wa wasafiri hao hawatambui kwamba kando ya barabara hiyo, nyuma ya malango mapana, mna kumbi tatu kubwa zilizochongwa mwambani, kila moja ikiwa na urefu wa takriban mita 100. Humo ndimo baadhi ya wanasayansi wa Ulaya wanamochunguza nyota.

Jambo hili laweza kumshangaza msomaji. Tumezoea kwamba anayetaka kuzijua nyota hupanda juu, akatafuta kilele kisichokuwa na mawingu na kuelekeza darubini yake mbinguni. Ya nini basi kujificha chini ya mwamba wenye unene wa mita 1,400, mahali ambapo hata mchana haujulikani?

Jibu ni kwamba darubini humwonyesha mtu uso wa nyota tu. Kinachoifanya nyota ing'ae, izeeke na hatimaye, kwa baadhi yazo, ilipuke, hutendeka moyoni mwake, mahali ambapo mwanga hauwezi kututolea habari moja kwa moja. Maadamu hakuna awezaye kwenda huko, wataalamu wa fizikia ya nyuklia wameamua kuuleta moyo wa nyota maabarani. Huyarudia matendo yale yale yanayotokea ndani ya nyota, moja baada ya jingine, na kupima kila moja hutukia kwa kasi gani.

KUNI ZA JUA

Kwa karne nyingi hakuna aliyejua Jua linachoma nini. Lau lingekuwa rundo la makaa ya mawe, lingekuwa limekwisha kugeuka majivu baada ya miaka elfu chache tu. Ilhali miamba ya dunia yatueleza kwamba sayari yetu imekuwa ikiota jua hilo kwa mabilioni ya miaka.

Fununu ya kwanza ilipatikana mnamo 1920. Mwingereza Francis Aston, kwa kuzipima atomu kwa makini, alionyesha kwamba atomu nne za hidrojeni zikijumlishwa huwa nzito kidogo kuliko atomu moja ya heliamu. Tofauti yenyewe haifiki hata asilimia moja. Mwaka huo huo Arthur Eddington, naye Mwingereza, akaeleza maana yake: iwapo hidrojeni huungana na kuwa heliamu ndani ya nyota, basi uzito unaopotea hugeuka kuwa nishati, na nishati hiyo yatosha kuliwasha Jua kwa mabilioni ya miaka.

Leo yajulikana kwamba kila sekunde Jua huunganisha takriban tani milioni 600 za hidrojeni, na kati ya hizo, tani zipatazo milioni 4 hugeuka kuwa nishati. Hata kwa matumizi hayo ya kutisha, limekwisha kuishi miaka bilioni 4.6 na lingali na akiba ya miaka mingine ipatayo bilioni 5.

Zipo njia mbili za kuipika heliamu hiyo. Ya kwanza ni viini vya hidrojeni, yaani protoni, kugongana vyenyewe kwa vyenyewe na kujengana hatua kwa hatua. Hii ndiyo njia kuu ya Jua letu. Ya pili ilielezwa mwishoni mwa miaka ya 1930 na Carl von Weizsäcker wa Ujerumani, na pia Hans Bethe, Mjerumani aliyehamia Marekani na ambaye baadaye, mnamo 1967, alitunukiwa Tuzo ya Nobel. Katika njia hii, kaboni, naitrojeni na oksijeni huwa kama mafiga matatu. Mafiga hayaliwi na moto, lakini pasipo mafiga chungu hakikai jikoni. Nyota zilizo nzito kulilika Jua hupika zaidi kwa njia hii.

MNONG'ONO SOKONI

Viini vya atomu vyote vina chaji chanya, hivyo husukumana kama ncha mbili za sumaku zinazofanana. Moyoni mwa Jua joto ni nyuzi milioni 15 hivi za Selisiasi, lakini hata joto hilo, kwa hesabu za fizikia ya zamani, halitoshi kuvilazimisha viini vigusane. Ni mnamo 1928 ambapo George Gamow, mzaliwa wa Odessa, alionyesha kwamba chembe ndogo mno zaweza, mara chache sana, kupenya ukuta ambao hazina nguvu za kuuruka.

Uchache huo ndio msingi wa kila kitu. Protoni moja ndani ya Jua husubiri kwa wastani mabilioni ya miaka kabla ya kuungana na mwenzake. Ndiyo sababu Jua huwaka taratibu kama kaa lililofunikwa jivu, badala ya kulipuka kama bomu. Hata hivyo, jambo lililo baraka kwa Jua ni mkosi kwa mwanasayansi. Jua lina protoni zisizo na idadi, nayo maabara ina chache tu, na tendo analolitafuta haliji ila kwa nadra.

Juu ya ardhi tatizo huzidi. Miale kutoka anga za mbali hutunyeshea usiku na mchana, na kila chembe inayopita huacha alama katika vifaa vya kugundulia. Kuitafuta ishara moja ya kweli miongoni mwa alama hizo ni sawa na kutega sikio ili usikie mnong'ono katikati ya soko la Gikomba. Mwamba wa Gran Sasso huipunguza miale hiyo mara milioni moja hivi. Soko hunyamaza.

Jaribio liitwalo LUNA lilianzishwa huko mwanzoni mwa miaka ya 1990. Jina hilo ni ufupisho, ingawa kwa Kiitaliano lina maana ya mwezi. Mtambo wake wa kwanza ulisukuma chembe kwa volti 50,000 tu. Haukuwa na makuu yoyote ukilinganishwa na ule wa CERN karibu na jiji la Geneva, ambao mzingo wake ni kilomita 27. Lakini hapa kasi kubwa haitakiwi. Chembe za nyota ni za pole, na anayetaka kuziiga sharti awe mpole kama zilivyo, kisha asubiri.

Na kweli walisubiri. Katika jaribio lao la kugonganisha viini vya heliamu nyepesi, kwenye kiwango cha chini kabisa cha nishati, walikuwa wakipata takriban ishara mbili kwa mwezi.

JUA HALIKUWA NA HATIA

Subira hiyo ilikuwa na sababu nzito. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1960, Mmarekani Raymond Davis alikuwa akinasa nyutrino, chembe zinazozaliwa moyoni mwa Jua na kupenya kila kitu, kwa kutumia tangi kubwa la kemikali lililowekwa ndani ya mgodi wa dhahabu wa Homestake, jimbo la South Dakota. Mwaka baada ya mwaka alipata theluthi moja hivi ya idadi iliyotarajiwa.

Theluthi mbili zilikwenda wapi? Washukiwa walikuwa watatu. Huenda wataalamu hawakulielewa Jua. Huenda vipimo vya nyuklia vilikuwa na dosari. Au huenda nyutrino zenyewe zilikuwa na hila. Mnamo 1972 William Fowler wa Marekani alipendekeza kwamba pengine muungano wa heliamu nyepesi hutukia kwa kasi kuliko ilivyodhaniwa, na hivyo kuinyima njia ile inayozalisha nyutrino alizokuwa akizitafuta Davis.

Matokeo ya LUNA yaliyochapishwa mnamo 1999 yaliufunga mlango huo. Tendo hilo lilipimwa katika nishati ile ile ya Jua, na kasi iliyofichika haikuonekana. Miaka michache baadaye, kati ya 2001 na 2002, maabara ya Sudbury nchini Kanada ilithibitisha kwamba nyutrino hubadilika sura zikiwa safarini, na kwamba kifaa cha Davis kilikuwa kikizitambua zile za sura moja tu. Jua halikuwa na hatia, wala waliolipigia hesabu hawakuwa na hatia.

UMRI WA NYOTA KONGWE

Kesi ya pili ilihusu umri. Katika pambizo za kundi letu la nyota kuna vishada vya mviringo, kila kimoja kikiwa na maelfu kwa maelfu ya nyota zilizozaliwa pamoja. Nyota nzito huimaliza hidrojeni ya moyoni mapema na nyepesi huchelewa. Kwa hivyo, mtaalamu akitambua ni nyota za uzito gani zinazomaliza kuni zake sasa hivi, aweza kukisia umri wa kishada kizima.

Katikati ya miaka ya 1990 hesabu hizo zilileta kizaazaa. Nyota kongwe zilikadiriwa kuwa na miaka bilioni 14 au zaidi, ilhali baadhi ya vipimo vya kutanuka kwa ulimwengu viliupa ulimwengu wenyewe umri usiozidi bilioni 12. Mtoto hawezi kumzidi mama umri. Kulikuwa na kosa mahali fulani.

Sehemu kubwa ya kosa hilo ilirekebishwa na wanaanga. Setilaiti ya Hipparcos ya Ulaya, ambayo matokeo yake yalitolewa mnamo 1997, ilirekebisha vipimo vya umbali wa nyota na hivyo kuupunguza umri wa vishada. Mwaka uliofuata, uchunguzi wa nyota zilizolipuka ulionyesha kwamba ulimwengu unatanuka kwa kasi inayozidi kuongezeka, hali iliyomaanisha kuwa ulimwengu ni mkongwe kuliko ilivyodhaniwa. Leo umri wake unakadiriwa kuwa miaka bilioni 13.8.

Hapo ndipo LUNA ilipoleta habari ambayo haikuombwa. Miongoni mwa hatua za ile njia ya mafiga matatu, hatua ya naitrojeni kupokea protoni na kugeuka oksijeni ndiyo ya polepole kuliko zote. Ni kama daraja jembamba katika barabara kuu: kasi ya magari yote hutegemea daraja hilo. Matokeo yaliyotolewa mnamo 2004 yalionyesha kuwa daraja lilikuwa jembamba zaidi. Katika nishati za nyota, tendo hilo hutukia kwa takriban nusu ya kasi iliyokuwa ikikubaliwa vitabuni.

Nyota inayokawia kumaliza kuni zake ni nyota iliyoishi zaidi. Kwa hivyo vishada vile vikaongezewa umri wa kati ya miaka milioni 700 na bilioni moja. Mtoto akazidi kumkaribia mama, ingawa, kwa bahati njema, hakumpita. Jambo la kuzingatia ni kwamba watafiti hawa walitoa jibu lililokwenda kinyume na upepo wa wakati huo. Mizani haimpendelei mwenye duka.

Uthibitisho ulikuja kutoka kwa jirani yao wa mlimani. Mnamo 2020, jaribio liitwalo Borexino, lililokuwa katika kumbi hizo hizo za Gran Sasso, lilitangaza kuzinasa kwa mara ya kwanza nyutrino za Jua zinazotokana na mafiga matatu. Njia hiyo huchangia takriban asilimia moja tu ya nishati ya Jua, lakini sasa haikuwa nadharia tena.

MAJI YA WANAKIJIJI

Si haki kuisifu kazi hii bila kutaja gharama yake. Mlima wa Gran Sasso ni hazina ya maji inayowategemeza mamia ya maelfu ya wakazi wa maeneo ya Teramo na L'Aquila, na maabara imejengwa mlemle yanamopita maji hayo. Mnamo Agosti 2002, kiasi fulani cha kemikali ya Borexino kilimwagika na kufika katika kijito. Wakazi walilalamika, wanamazingira wakateta, na mamlaka za sheria zikaingilia kati. Borexino haikuanza kukusanya takwimu zake hadi 2007. Jaribio hilo lilifungwa mnamo 2021.

Wakazi walikuwa na haki ya kuuliza. Elimu ya nyota haina budi kuheshimu kata ya maji ya jirani, na anayetaka kujua Jua linachoma nini sharti kwanza aeleze mtambo wake unamwaga nini.

MILIPUKO NA DHAHABU

Hidrojeni ikiisha moyoni, nyota hujikunyata, joto hupanda, na heliamu nayo huanza kuungana. Heliamu tatu hufanya kaboni. Mnamo 1953 Mwingereza Fred Hoyle alibashiri kwamba muungano huo hauwezi kutosheleza kaboni iliyopo ulimwenguni ila kama kiini cha kaboni kina kiwango maalumu cha nishati ambacho hakikuwa kimethibitishwa. Aliwaomba wanafizikia wa chuo cha Caltech, Marekani, wakitafute. Walikitafuta, nao wakakipata.

Kaboni hiyo ikipokea heliamu moja zaidi huwa oksijeni. Tendo hili moja lina uzito usiomithilika. Likiwa la kasi mno, kaboni yote huishia kuwa oksijeni. Likiwa la polepole mno, oksijeni huwa haba. Mwili wa binadamu, kwa uzito, ni oksijeni kwa takriban asilimia 65 na kaboni kwa asilimia 18. Isitoshe, uwiano huo huchangia kuamua kama nyota nzito itaishia kuwa nyota ya nyutroni au shimo jeusi.

Nyota nzito mno huendelea kupika mpaka ifike kwenye chuma. Chuma ni kikomo, kwani kukiunganisha hakuzalishi nishati. Moyo wa nyota huporomoka kwa muda usiofika sekunde moja, kisha nyota hulipuka. Mlipuko wa aina hiyo ulionekana Februari 1987 katika kundi la nyota jirani na letu, na vifaa vya Japani, Marekani na uliokuwa Muungano wa Kisovieti vikanasa nyutrino zake zipatazo ishirini na kitu.

Dhahabu na platini zahitaji moto mkali zaidi. Mnamo Agosti 17, 2017, vituo vya LIGO na Virgo vilisikia mtikisiko wa nyota mbili za nyutroni zilizogongana umbali wa miaka ya mwanga ipatayo milioni 130. Mwanga uliofuata ulionyesha dalili kwamba vitu vizito vilikuwa vikitengenezwa hapo. Viini vinavyopitiwa katika upishi huo ni dhaifu, vingi vikiishi kwa sehemu ndogo ya sekunde, wala havipatikani popote duniani. Ili kuviunda, Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan nchini Marekani kilifungua mnamo Mei 2022 kituo kilichogharimu dola milioni 730. Huko viini vizito, hata vya urani, hurushwa kwa takriban nusu ya kasi ya mwanga na kuvunjwa, kisha vipande vyake hupimwa kabla havijatoweka.

FUNGU LA MALINDI

Wakenya nao wana fungu lao katika simulizi hii. Mnamo Desemba 12, 1970, Kenya ilipokuwa ikiadhimisha miaka saba ya uhuru, setilaiti ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, lililojengwa na Waitaliano baharini karibu na Ngomeni, kaskazini mwa Malindi. Ilikuwa setilaiti ya kwanza ulimwenguni kutengwa kwa ajili ya kuchunguza eksirei zitokazo angani. Kwa heshima ya siku hiyo, Wamarekani walioitengeneza waliipa jina la Uhuru.

Hadi ilipozimika mnamo 1973, Uhuru ilikuwa imekusanya habari za zaidi ya vyanzo 300 vya eksirei. Baadhi yavyo vilibainika kuwa nyota za nyutroni zinazofyonza gesi ya nyota wenza. Baadaye katika mwongo huo iligunduliwa kwamba gesi kama hiyo, ikirundikana juu ya nyota ya nyutroni, yaweza kuwaka ghafla katika mlipuko wa nyuklia wa sekunde chache. Milipuko hiyo ni mojawapo ya mambo yanayochunguzwa leo katika kituo cha Michigan.

Mkuu wa utafiti wa Uhuru alikuwa Riccardo Giacconi, mzaliwa wa Genoa, Italia. Alitunukiwa Tuzo ya Nobel mnamo 2002, akigawana na Mjapani Masatoshi Koshiba pamoja na Raymond Davis, yule yule wa nyutrino zilizopotea.

KAZI INGALIPO

Pamoja na hayo yote, lile tendo la kaboni kugeuka oksijeni halijapata kupimwa moja kwa moja katika nishati za nyota. Linalotumika vitabuni ni makadirio yaliyotokana na vipimo vya nishati za juu zaidi, kama mtu anayekisia kina cha bahari kwa kuupima ufuo. Nalo ni tendo la nadra mno.

Kwa ajili hiyo, Gran Sasso imepata mtambo mpya wa volti milioni 3.5. China nayo imejenga maabara ya aina hiyo huko Jinping, chini ya mwamba wa mita 2,400, ambako kimya ni kikubwa zaidi. Watafiti wa pande zote mbili wanajua kwamba watapata ishara chache, pengine kwa miezi mingi. Kila ishara watakayoihesabu itakuwa habari ya hewa tunayoivuta na ya makaa tunayoyawasha jikoni, kwani vyote viwili vilipikwa katika nyota zilizokwisha kufa kabla Jua halijazaliwa.